Naomba ushauri: kila mwaka Juzuu Amma inanikwamia Wallayli

Binti Mtongwe

Assalamu alaykum ndugu zangu. Nina miaka 34, nakaa Mtongwe, kazi yangu ni duka la vitambaa karibu na Marikiti, mjini Mombasa, navuka kwa feri. Natoka nyumbani saa 12 na nusu asubuhi na kurudi baada ya magharibi. Nina watoto wawili wa shule.

Nilichohifadhi tangu chuoni utotoni ni kuanzia Wadhuha hadi Qul audhu birabbi nnas. Nia yangu ni kumaliza Juzuu Amma yote, sehemu ya mwisho ya Kurani, kabla ya Ramadhani ijayo, na imebaki miezi 7. Kila baada ya Idi naanza kwa nguvu, ukurasa mmoja kwa siku. Siku ya nne au ya tano nimechoka, wiki ya tatu msahafu siufungui. Nikirudi nakuta nilichohifadhi kimenitoka, basi naanza tena Wallayli (sura ya Al-Layl).

Nauliza mambo matatu: kiasi gani kwa siku, saa ngapi, na siku zikikatika narudi vipi bila kuanza mwanzo?

Maalim wa Kibokoni

Waalaykum salaam mwanangu. Tuhesabu kwanza, maana mtu akijua mzigo una uzani gani ndipo anajua aubebe vipi.

Juzuu Amma ina sura 37 na aya 564. Kuanzia Wadhuha hadi mwisho ni sura 22, aya 157. Umebakisha sura 15, aya 407. Katika msahafu wa mistari 15, ule wa kurasa 604, sehemu yako iliyobaki inaanzia ukurasa wa 582 na kuishia katikati ya 596. Ni kurasa 14 na nusu tu.

Sasa tazama ulivyokuwa ukifanya. Ukurasa kwa siku ni kiasi cha mwanafunzi anayeshinda chuoni, ana mwalimu mbele yake asubuhi na jioni. Wewe una dakika 20 kwa siku, pengine 25. Ukurasa ukiulazimisha katika dakika 20 unaingia mdomoni, hauingii moyoni. Kesho yake umetoka, nawe una ukurasa mwingine wa kuhifadhi. Siku ya nne una deni la kurasa tatu. Hapo ndipo mtu hufunga msahafu, na si kwa uvivu.

Kiasi chako ni mistari 3 kwa siku, siku 5 kwa wiki, Jumamosi hadi Jumatano. Hiyo ni mistari 15, yaani ukurasa mmoja kwa wiki. Alhamisi usikilizwe na mtu. Ijumaa usiongeze kitu kipya, rudia tu.

Na kila siku uwe na mafungu matatu. La kwanza ni jipya, ile mistari 3. La pili ni la karibu, yaani yote uliyohifadhi katika siku 7 zilizopita. La tatu ni la zamani: hizo sura 22, ambazo ni kama kurasa 8 na nusu, ukizigawa kwa siku 7 ni ukurasa mmoja na robo hivi kwa siku. Muda ukikubana, acha jipya. Usiache la karibu. Watu wengi hufanya kinyume: hushika jipya kwa sababu linawapa raha ya kusonga mbele, na murajaa (kurudia ya nyuma) wakaiweka kesho. Aya iliyohifadhiwa leo isiporudiwa kesho na keshokutwa, hiyo umeisoma tu, hujaihifadhi.

Nahodha77

Naongeza kwenye hoja ya Maalim kuhusu deni. Siku iliyokupita, imepita. Usijumlishe mistari 3 ya jana na 3 ya leo ikawa 6, kwa sababu 6 itakushinda, kesho itakuwa 9, na hapo umerudi kwenye ule ukurasa kwa siku uliokuchosha. Rudi palepale ulipoachia, kwa mistari 3 ileile. Mwisho wa safari unasogea mbele siku moja, basi.

Weka pia kiasi cha siku mbaya. Mtoto ana homa, stima imekatika, feri imechelewa ukafika nyumbani saa 3 usiku: siku hiyo kazi yako ni kuisoma mistari ya jana katika rakaa mbili za sunna baada ya isha. Ni dakika 3, na siku hiyo haihesabiwi kuwa imekatika.

Kijana Kisauni

Mimi naona aanze juu, Amma yatasaalun (An-Nabai), ashuke. Sura ndefu zikimalizwa mapema wakati nguvu ipo, hizi fupi za mwisho zitakuwa nyepesi. Akianzia Wallayli kwenda juu, sura kwa jumla zinazidi kurefuka na atakata tamaa.

Maalim wa Kibokoni

Hoja yako ina uzito, Kijana, lakini kwa huyu dada siikubali. An-Nabai ina aya 40 na An-Naziat 46. Kwa mistari 3 kwa siku atakaa wiki moja na zaidi bila kusema "sura hii nimeimaliza". Wallayli ni aya 21, ataimaliza katika siku tatu, na siku ya nne anaisalia. Mtu aliyeachia njiani mara nyingi anahitaji kufika mahali haraka.

Dada, zigawe sura 15 katika vituo vitano vya sura tatu tatu. Cha kwanza: Al-Layl, Ash-Shams, Al-Balad, aya 56. Cha pili: Al-Fajr, Al-Ghashiya, Al-Aala, aya 75. Cha tatu: At-Tariq, Al-Buruj, Al-Inshiqaq, aya 64. Cha nne: Al-Mutaffifin, Al-Infitar, At-Takwir, aya 84. Cha tano: Abasa, An-Naziat, An-Nabai, aya 128, nacho ni kurasa 4 kamili, 582 hadi 585. Hapo Kijana amesema kweli, cha mwisho ndicho kizito. Kiwekee wiki 5 hata kama hesabu inasema 4.

Kila kituo kikiisha, simama wiki nzima bila jipya. Zisome zile sura tatu kwa mfuatano, bila kutazama, mbele ya mtu.

Ummu Zamzam

Wanaume mmesahau jambo, nami nadhani ndilo linalomkwamisha dada bila yeye kulitaja. Kila mwezi kuna siku 5 hadi 7 ambazo haswali. Kwa madhehebu ya Shafi tunayoyafuata wengi huku Pwani, mwenye hedhi hasomi Kurani kwa ulimi wala hashiki msahafu. Ikiwa hifadhi yako umeifunga kwenye swala, swala ikisimama kila kitu kinasimama, na siku ya kuoga unakuta wiki nzima imepotea.

Kwa hiyo panga mwezi wako kwa wiki 3 za kazi, usipange 4. Kurasa 14 na nusu kwa kurasa 3 kwa mwezi ni miezi 5. Una miezi 7. Kwa zile wiki za kusimama na za kufungia yote unayo nafasi, na bado hukimbizwi.

Wiki ile ya hedhi kazi yako ni kusikiliza. Inaruhusiwa, na kuipitisha aya moyoni bila kutamka pia inaruhusiwa. Wako wanavyuoni, hasa wa madhehebu ya Maliki, waliomruhusu kusoma mwanamke anayehofia kusahau. Hilo muulize ustadha wako akuelekeze. Muhimu saa yako ya alfajiri usiilale. Kaa palepale unapokaa siku zote, dakika zilezile 20, usikilize la karibu mara tatu. Ukishatwaharika, siku mbili za kwanza ni za murajaa, ya tatu ndiyo unaongeza mistari.

Binti Mtongwe

Ummu Zamzam, Allah akulipe, hapo umenigusa. Sikuwahi kuiona hivyo, nilidhani ni uzembe wangu tu.

Sasa nisaidieni kuhusu saa. Usiku nikishapika na kulaza watoto sioni mistari. Na je, kwenye feri naweza kuhifadhi?

Msafiri wa Likoni

Kuhifadhi jipya kwenye feri, hapana. Pana msukumano, muziki, watu wanauza njugu, na macho yako yanatakiwa kwenye mkoba. Msahafu wa simu mkononi pale ni kumwalika mwizi. Lakini kurudia la karibu kwa kumbukumbu, hakuna mahali bora: kungoja, kuvuka, kupanda mlima ule hadi stendi. Kama unavuka asubuhi na jioni, hizo ni nafasi mbili kila siku za kazi. Midomo isogee chini ya mtandio, sauti uisikie wewe tu. Usiache midomo ikatulia kabisa ukawaza tu, kwa sababu akilini huwa unaruka aya na hujui umeruka. Ulimi ndio unaokuonyesha palipo na shimo.

Ukikwama katikati ya maji usibahatishe. Likumbuke neno ulilokwamia, ukifika dukani fungua msahafu uangalie mara moja, jioni upite tena hapohapo.

Ummu Zamzam

Na jipya liwe alfajiri, kabla hujavua leso ya kuswalia na kabla hujawasha jiko la chai. Ukishasimama kwenda jikoni, umeshakwenda. Msahafu uwe juu ya mswala tangu usiku, umefunguliwa kwenye ukurasa wako. Simu iwe chumba kingine, ila kama unasikilizia humo, basi intaneti izimwe.

Mistari 3 inahifadhiwa hivi. Isikilize mara 5 ukifuata kwa kidole. Msikilize msomaji mmoja tu. Kisomo cha kufundishia cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary kinafaa kwa sababu anakwenda taratibu na kila herufi inasikika. Kisha soma mstari wa kwanza ukitazama mara 10, bila kutazama mara 5. Wa pili vivyo hivyo. Halafu usiende wa tatu: unganisha wa kwanza na wa pili mara 5. Ndipo wa tatu, kisha yote mara 5. Kuunganisha ndiko kunakorukwa na wengi. Ndiyo maana mtu anaijua kila aya peke yake, lakini akimaliza moja hajui inayofuata. Na usibadilishe msahafu. Jicho linahifadhi mahali aya ilipo kwenye ukurasa, juu au chini, kulia au kushoto. Ukibadilisha chapa, alama hizo zinapotea.

Fundi wa Kofia

Nawaunga mkono, ila nisisitize tashihi (kusahihisha matamshi) kabla ya hifadhi. Kosa likihifadhiwa, kulitoa ni kazi mara tatu ya kulihifadhi sahihi. Sisi Waswahili "th", "dh", "gh" na "kh" hazitusumbui. Tunaumia kwenye qaf na kaf, ha nzito na ha nyepesi, ayn na alifu, sad na sin. Mfano uko karibu kabisa na ulipo, Ash-Shams aya ya 9: *qad aflaha man zakkaha*. Ha ya *aflaha* ni ile ya kooni, ya *zakkaha* ni nyepesi, na wengi tunazisoma sawa. Basi Alhamisi, kabla hujasikilizwa ya wiki iliyopita, msomee ustadha mistari 15 ya wiki ijayo ukitazama. Dakika 10 zinatosha. Kama hampatani muda, mtumie kwa sauti ya simu naye akurudishie masahihisho.

Jambo la pili ni aya zinazofanana. Hizi ndizo zitakazokuhamisha sura bila kujua, na murajaa ya haraka haizioni. Ziandike kwenye daftari ukurasa mmoja, mbili mbili. Al-Inshiqaq inaisha na *lahum ajrun ghayru mamnun*, At-Tin, unayoijua tayari, inasema *falahum*. At-Takwir ni *wa idhal biharu sujjirat*, Al-Infitar ni *fujjirat*. At-Takwir ni *alimat nafsun ma ahdarat*, Al-Infitar ni *ma qaddamat wa akhkharat*. Kubwa kuliko zote ni *mataan lakum wa li anamikum*: iko An-Naziat aya ya 33 na Abasa aya ya 32, herufi kwa herufi. Baada yake moja inakwenda *attammatul kubra*, nyingine *assakhkha*. Ukifika kituo cha nne na cha tano usizihifadhi pacha hizi wiki moja. Ya kwanza ikomae siku 10 kwanza.

Binti Mtongwe

Nimeandika yote. Nina swali dogo la mwisho. Mwanzo wa sura huwa nao madhubuti, mwisho ndio unaonitoka. Ndivyo ilivyo Wallayli: hadi *idha taradda* sina shida, baada ya hapo naparaganya.

Maalim wa Kibokoni

Kwa sababu kila ukikwama unarudi mwanzo. Aya za mwanzo umezisoma mara mia, za mwisho mara kumi. Dawa yake ni kuanzia katikati. *Idha taradda* ni aya ya 11. Gawa sura katika rakaa mbili: ya kwanza hadi hapo, ya pili uanzie *inna alayna lalhuda*, aya ya 12. Kwa wiki moja isalie hivyo kila usiku, na kwenye feri uanzie aya ya 12 tu, usianze juu.

Wiki yako ya kwanza iwe ya Wallayli peke yake, hata kama unaona ni kidogo. Jumamosi aya 1 hadi 7, Jumapili 8 hadi 13, Jumatatu 14 hadi 21. Jumanne na Jumatano usiongeze, iunganishe na Wadhuha, maana ndiyo inayofuata na unayo. Alhamisi msomee ustadha. Washamsi (Ash-Shams) ni Jumamosi ya pili.

Binti Mtongwe

Inshallah. Leo ni Ijumaa. Msahafu nauweka juu ya mswala usiku huu, ukurasa wa 595.