Mrejesho: Modeli ya ulaini wa uso kwenye milingi ndogo sana

Wakuu, kwenye milingi (kukata chuma kwa kikata chenye meno kinachozunguka), niliuliza kwa nini modeli yangu ya hesabu inatabiri uso laini zaidi kila nikipunguza mwendo wa kila jino, yaani umbali kikata kinaosogea kwa kila jino, ilhali chuma kinatoka na mikwaruzo. Mlionishauri nipime makali ya kikata, asanteni sana! Yana mviringo wa nusu kipenyo cha mikromita 3 hivi, nami nilisogeza mikromita 0.5 tu kwa jino. Hapo kikata hakikati: kinakandamiza chuma, na sehemu yake inarudi juu. Fomula niliyotumia haikulijua hilo kabisa. Nimeweka kwenye modeli kikomo cha unene wa chini wa chuma ambao kikata kinaweza kuukata, takriban theluthi ya nusu kipenyo hicho. Sasa nikipunguza mwendo, mikwaruzo inayotabiriwa na modeli inashuka kisha inapanda, kama vipimo vyenyewe. Vinyuzi vya chuma kwenye kingo bado vinanisumbua.