Saa tisa Singapore na mama: tutoke au tukae uwanjani?

Mwanaidi, Perth

Wanajamvi, hamjambo?

Mwezi ujao namrudisha mama Tanga baada ya miezi mitatu ya kulea mjukuu. Tunaondoka hapa asubuhi, tunatua Singapore saa sita na nusu mchana, na ndege ya pili inaruka saa tatu na nusu usiku. Mume wangu anasema tukae humo humo uwanjani, maana mama ana miaka 72 na goti linamsumbua. Mama mwenyewe anasema hawezi kufika Tanga akaulizwa Singapore ina rangi gani akakosa jibu.

Pasi yake ni ya Tanzania, yangu ya Australia. Nani amewahi kutoka akarudi salama? Nataka habari za viza, treni, chakula cha halali na pa kusali. Za maduka msiniletee. Mama akiingia dukani hatoki.

Mama Swabra, Perth

Mwanangu Mwanaidi, toka naye.

Mimi nimepita pale mara nne, nimetoka mara tatu. Mara ya kwanza niliharibu. Nilikuwa na wanangu wawili na karatasi yenye vitu saba vya kuona: yule simba mwenye mkia wa samaki, hoteli yenye meli juu ya paa, bustani ya miti ya chuma, na kadhalika. Tuliona vinne, yaani tulivipiga picha. Mdogo alianza kulia kwenye cha pili. Halafu sikujua kwamba Changi, huo uwanja wa ndege wa Singapore, karibu majengo yake yote, mizigo ya mkononi hukaguliwa pale pale getini, si mwanzoni kama Dar, kwa hiyo geti hufungwa mapema kuliko unavyodhani. Tuliingia wa mwisho, ndege nzima inatutazama, na kiatu changu kimoja kimekatika ukanda.

Tangu siku hiyo nachagua mtaa mmoja tu, nakaa hapo, nakula, narudi. Kwa mama yako mtaa wenyewe ni Kampong Glam.

Lakini makaratasi kwanza. Pasi ya Tanzania haihitaji viza kwa matembezi mafupi, ila iwe na miezi sita mbele. Kila anayetoka nje ya uwanja hujaza fomu ya kuingia mtandaoni, ndani ya siku tatu za kufika, na siku ya kufika imo. Iko kwenye tovuti ya uhamiaji wao na ni bure. Ukiona inakudai dola, ujue umeangukia kwa matapeli. Mzigo mkubwa, kama tiketi ni moja, muulize wa kaunta hapa Perth kama unakwenda moja kwa moja hadi mwisho, na uisome ile stika mwenyewe. Kama ni tiketi mbili ulizoziunga kwa mkono wako, hiyo ni hadithi nyingine: utauchukua na kuupeleka kwenye ofisi ya kuhifadhi mizigo.

Na hili nalisema polepole. Kama mama ana tumbaku ya tambuu kwenye mkoba, aiache. Singapore hawaruhusu tumbaku ya kutafuna kuingia, kama wasivyoruhusu bigijii tangu 1992. Wazee wetu husahau vitu hivi kwenye pindo la khanga.

Treni iko chini ya majengo ya 2 na 3. Hukati tiketi. Unagusisha kadi ya benki mlangoni ukiingia, unagusisha tena ukitoka, na safari ni kama dola mbili za kwao. Kila mtu na kadi yake. Nilijaribu kumpitisha dada yangu kwa kadi yangu, mimi nikapita, yeye mlango ukamkatalia, tukabaki tunatazamana kama mtu na mgonjwa wake kwenye kioo cha hospitali. Mpe mama kadi ya plastiki, wewe tumia simu. Hata kama akaunti ni ile ile, mashine inazihesabu mbili.

Panda hadi Tanah Merah, badilisha treni hapo, shuka Bugis. Ni nusu saa na ushei. Wabugis walikuwa mabaharia wa Sulawesi, watu wa kwenda na pepo kama wetu wa kusi na kaskazi, na mama atalipenda jina akijua. Lifti zipo kila stesheni, goti lisikutishe. Kutoka Bugis hadi msikitini ni dakika kumi za mtu mzima, ishirini za mama yako.

Msikiti ni Masjid Sultan. Wa kwanza ulijengwa miaka ya 1820, huu wa sasa ulikamilika 1932. Kuba lake ni la dhahabu, na chini ya kuba kuna mkanda mweusi unaong'aa. Mwambie mama asimame autazame vizuri. Ule mkanda ni vitako vya chupa. Walipokuwa wanachangishana, maskini wasio na fedha walileta chupa, zikapangwa pale juu ili nao wawe na sehemu yao kwenye jengo. Mimi kila nikipita hushindwa kuondoka hapo.

Wakati wa kusali wanawake wana sehemu yao na maji ya udhu yapo. Ninyi ni wasafiri, adhuhuri na alasiri mtazikusanya. Halafu mshike mkono mzunguke: Arab Street, Baghdad Street, Kandahar Street, Bussorah ambayo ni Basra, na msikiti wenyewe uko Muscat Street, barabara iliyotengenezwa upya 2012 pamoja na Oman na kuwekewa matao ya mawe. Wahadhrami wa pale ni ndugu na Wahadhrami wa Lamu, Mombasa na Unguja. Upepo mmoja uliwashusha kwetu, mwingine ukawashusha kule.

Chakula. Mkabala na msikiti kuna Zam Zam, wapo tangu 1908, wanapika murtabak. Mama akiiona atasema mkate wa mayai, na kweli ni ule ule: unga unavutwa hadi uwe kama kitambaa, kima na yai ndani, unakunjwa, unakaangwa. Wa Forodhani wakauita pizza, Mungu awasamehe. Agizeni mmoja mdogo mle wawili. Chai waulize teh tarik, chai ya maziwa inayomiminwa kutoka juu hadi itoke povu. Mahali pengine hapo hapo mtapata nasi lemak, na nasi lemak, mwanangu, ni wali wa nazi na dagaa wa kukaanga, karanga, tango, yai na pilipili. Wali wenyewe hupikwa na jani la jamaa ya mkadi wetu. Umesafiri saa tano umefika Tanga.

Sasa sikiliza maneno yao. Watu wa mtaa ule wengi wanajua Kimalei. Wakikusalimia husema "Apa khabar?", yaani habari gani. Sabuni ni sabun, dunia ni dunia, karatasi ni kertas, kufikiri ni fikir. Meza ni meja, na bendera ni bendera, neno zima, kwa sababu Mreno alipita kwao kama alivyopita kwetu. Mama yako akianza mchezo huo utamvuta kwa kamba kurudi uwanjani.

Na umrudishe mapema. Saa kumi na moja na nusu muwe kwenye treni.

Wanjiku, Melbourne

Habari zenu. Mimi naomba kupingana na Mama Swabra kidogo, kwa heshima.

Mtu wa miaka 72 kutembea nje saa nane mchana, mahali palipo digrii moja tu kutoka ikweta, si mchezo. Mimi nililetewa mvua ya radi na kwa dakika arobaini sikuona hata barabara. Uwanja wenyewe hutoa ziara za basi bila malipo kwa abiria ambao kusubiri kwao kunazidi saa tano na nusu na hakufiki saa ishirini na nne. Unajiandikisha mapema, unachukuliwa, unaonyeshwa mji, unarudishwa kwa wakati, na kama utachelewa ni basi la wenyewe limekuchelewesha. Ni kama saa mbili na nusu. Kwa mzazi mwenye goti mimi ningechagua hiyo.

Pili, Mwanaidi, wewe utarudi. Ukitoka Afrika Mashariki ukataka kuingia Singapore, beba ile kadi ya njano ya chanjo. Ukiwa umetoka kwenye nchi zenye hatari ya homa ya manjano ndani ya siku sita, wanaitaka. Yangu ilikuwa ndani ya suitcase iliyopitishwa hadi Melbourne. Nilikaa uwanjani kwa muda wa saa kumi na moja nikiangalia samaki kwenye dimbwi.

Nassor, Muscat

Assalaam alaykum.

Mama Swabra ametaja matao ya Muscat Street akaacha kubwa kuliko hilo. Mwaka 2010 jahazi liliondoka hapa Oman likaenda Singapore kwa tanga, limeshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja, likawa zawadi ya nchi hii kwa nchi ile. Waliliita Jewel of Muscat. Waliliiga kutoka jahazi la karne ya 9 lililozama karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, likirudi kutoka China na vyombo vya udongo vipatavyo 60,000. Liligunduliwa 1998. Sisi tuliolelewa na wazee wa Lamu na Unguja tunajua mshono ule: ni mtepe. Na katika mbao zake wataalamu walikuta za jamii ya mbambakofi, mti wa Afrika.

Shehena hiyo iko kwenye jumba la makumbusho liitwalo Asian Civilisations Museum, stesheni ya Raffles Place, vituo viwili mbele ya Bugis. Ndani kuna baridi na viti. Mvua ya Bi Wanjiku ikija, huko ndiko pa kukimbilia. Utaona mabakuli yaliyolala chini ya bahari zaidi ya miaka elfu moja na rangi haijatoka, nasi sahani za harusi hazimalizi mwaka.

Mama Swabra, Perth

Wanjiku mwanangu, la kadi ya njano umesema kweli na mimi nililisahau. La basi, hapana. Kwenye basi mama ataona Singapore kupitia dirishani, na dirisha analo hapa Perth.

Nassor, waalaykum salaam. Mwacheni mtoto achague kimoja, tusimwandikie vitu saba.

Kaka Beni, Brisbane

Nyongeza fupi. Kwenye migahawa ya wazi ukikuta pakiti ya karatasi za kupangusia mikono juu ya meza tupu, usiitupe ukakaa. Kuna mtu amewekea nafasi. Nilikalia meza ya mzee mmoja namna hiyo, akasimama na sinia lake la supu akinitazama bila neno hadi nikaelewa. Pia sinia ukimaliza lirudishe mwenyewe. Tangu 2021 kuliacha mezani ni kosa na unaweza kupigwa faini.

Mwanaidi, Tanga kwa sasa

Shikamoo Mama Swabra, na ahsanteni nyote. Tumefika juzi.

Tulitoka. Uhamiaji haikuchukua muda. Saa ya Perth na ya Singapore ni moja, kwa hiyo mama hakuwa amechoka kama nilivyoogopa. Kwenye treni aligusisha kadi yake kwa nguvu kama anapiga muhuri, na alipoona mlango umefunguka akaniuliza kama anaweza kurudia.

Mvua ya Wanjiku ilikuja, saa tisa kasoro, tukiwa msikitini, Alhamdulillah. Ikatuweka humo karibu saa nzima. Mama alikaa sehemu ya wanawake karibu na bibi mmoja wa makamo yake. Bibi akasema khabar, mama akajibu njema, na basi. Mmoja anasema neno kwa Kimalei, mwingine anajaribu kwa Kiswahili, yakilingana wanapigana bega. Kitabu kilipita. Sabuni ikapita. Mama akajaribu "sufuria", haikupita, akakasirika kidogo. Bendera waliishangaa wote wawili. Mimi nilikuwa pembeni nikiangalia saa.

Murtabak aliikubali. Nasi lemak aliila yote, kisha akatoa hukumu kwamba wali uko sawa ila ile pilipili imetiwa sukari na huko ni kuharibu dagaa. Jahazi la Nassor hatukuliwahi, naliweka kwa safari ya kurudi, na kadi ya njano iko kwenye mkoba wa mkononi. Saa kumi na mbili na robo tulikuwa tumerudi Changi. Muda uliobaki tulikaa mbele ya yale maporomoko ya ndani, kwenye jengo la Jewel, mita 40 za maji yanayoanguka kutoka kwenye paa. Mama aliyatazama kimya, kisha akauliza analipa nani bili.

Jambo moja. Ile kadi ya plastiki niliyompa imebaki kwake na hataki kunirudishia. Anasema inafungua milango. Benki yangu Perth wanasema mpya inachukua siku kumi za kazi, nami narudi Jumapili ijayo na Singapore nina saa saba. Nikiwa na simu peke yake natosha, au chaji ikiisha mlango wa kutokea utanikatalia?