Nikiruka kiunzi mguu unakimbilia nyuma na mikono inamvuta farasi mdomo, nianzie wapi kurekebisha?

Jike_Jekundu:

Habari zenu wadau wa farasi, naomba msaada na naomba mnivumilie maana nimeandika ndefu. Napanda mwaka wa tatu sasa, viunzi (vizuizi vya fito vya kurukia) nimeanza kama miezi nane iliyopita. Kwenye mazoezi ya kawaida bila viunzi mwalimu ananisifia, troti (mwendo wa kukimbia polepole) nakaa vizuri, kanta (mwendo wa kasi zaidi, wa kurukaruka) nakaa vizuri, ila tukielekea kwenye kiunzi kila kitu kinavurugika. Na urefu wenyewe ni sentimita 70 tu, tulipojaribu 80 ndo ikawa mbaya zaidi.

Juzi nikamwomba mwenzangu asimame ubavuni mwa kiunzi anirekodi kwa simu. Nikaiangalia ile video polepole, picha moja moja, nikaumia kweli. Farasi miguu yake ya mbele bado iko chini mimi nishalala shingoni. Kisigino kimepanda, mguu kuanzia goti kushuka umerudi nyuma kabisa, alafu tukiwa hewani nadhani nashtuka, narudi kukaa kwenye tandiko kwa kishindo kabla miguu yake ya nyuma haijavuka, na hapo hapo hatamu zinakaza mpaka unaona mdomo wake unafunguka na kichwa kinarushwa juu. Hiyo picha ya mdomo kufunguka ndo imeninyima usingizi. Huyu jike ni mpole, hajawahi kunigomea hata siku moja, ila wiki hii amesimama mara mbili mbele ya kiunzi anachokijua.

Mwalimu kila mara ananiambia kisigino chini, kisigino chini. Nashusha, tukiruka kinapanda chenyewe. Sasa nifanyeje, nikaze magoti? niiname mbele zaidi ili nisibaki nyuma? nishike hatamu ndefu? Sitaki kuendelea kumuumiza.

Mzee wa Rikabu:

Dada pole, na hongera kwa kuiangalia hiyo video mpaka mwisho, wengi wakijiona hivyo wanaifuta.

Kabla ya mkao wako tuanze na yeye. Farasi mpole akianza kugoma ghafla usiite ukaidi. Mwite daktari wa mifugo amguse mgongo na miguu, amwangalie meno na kona za mdomo, alafu tandiko likaguliwe kama halimbani mabegani. Akiwa mzima ndo tuje kwako.

Kwako mi naona kosa ni moja japo kwenye video yanaonekana manne. Unaruka kabla ya farasi. Yaani unaona kiunzi kinakuja, unataka kumsaidia, unajirusha. Sasa fikiria yeye anasikia nini, pale pale anapotaka kuinua mabega ndo uzito wako wote unamwangukia juu ya hayo mabega. Anatakiwa anyanyue mbele na wewe umemlalia mbele. Akipata nafasi ya kusimama atasimama na mi simlaumu.

Kuinama si kazi yako. Farasi akinyanyuka, shingo na tandiko ndo vinakuja juu kukufuata, yeye ndo anaikunja nyonga yako. We unakubali tu, nyonga inakunjika, makalio yanarudi nyuma kidogo juu ya tandiko bila kuligusa, kifua kinashuka, basi. Na kwa sentimita 70 kukunjika kwenyewe ni kudogo sana, kwa farasi mzima hiyo ni kama hatua ya kanta iliyoongezwa kidogo.

Kisigino kinapanda kwa sababu ukijirusha uzito unahama mguuni unaenda kwenye goti na mikono, mguu wa chini unabaki hauna kazi, unaning'inia nyuma. Kwa hiyo mwalimu wako hakosei ila kisigino huwezi kukishusha kwa kukisukuma. Kinashuka chenyewe uzito ukipata njia ya kupita, nyonga ilegee, goti lilegee, kifundo kilegee kama springi, na rikabu (kile chuma cha kukanyagia) ikae kwenye ile sehemu pana ya unyayo nyuma tu ya vidole.

Jaribu hivi. Fupisha rikabu matundu mawili au matatu kutoka zile unazotumia mazoezi ya kawaida. Farasi akiwa amesimama tuli, inuka kwenye rikabu bila kushika kitu. Ukiangukia shingoni mguu wako uko nyuma mno, ukidondoka kwenye tandiko mguu uko mbele mno. Hangaika mpaka upate pale unaposimama bila kuyumba, utaona mkanda wa rikabu unaning'inia wima, hapo ndo nyumbani kwa mguu wako. Alafu fanya kwa troti, alafu kanta, makalio nje ya tandiko, dakika mbili, dakika tatu, mpaka mapaja yawake moto. Huo mkao mwepesi usipouweza kwenye mazoezi ya kawaida, hewani hautakuja.

Kanta_Moja:

Mi ningesema akaze magoti tu. Mimi ndo nilivyofundishwa na sijawahi kudondoka kwenye 90. Ukibana goti mwili wa juu hauyumbi.

Mama Viunzi:

Mkuu Kanta_Moja samahani, hapo naomba nikupinge kwa heshima maana hili la magoti nimewarekebisha watu wengi sana na linachukua muda kutoka. Goti likibana linakuwa bawaba ya mlango. Sehemu ya juu inaenda mbele na ya chini inaenda nyuma, yaani hicho hicho anacholalamikia dada. Kinachotakiwa kumgusa farasi ni upande wa ndani wa shavu la mguu, pale nyuma tu ya mkanda wa tumbo, mguso wa kudumu bila kukamua. Goti linakaa kwenye tandiko, halibani.

Na hili la kwenda na farasi lina historia yake. Zamani wapanda farasi wa majeshi ya Ulaya waliruka wameegemea nyuma na rikabu ndefu, wakiamini wanaiokoa miguu ya mbele ya farasi wakati wa kutua. Afisa mmoja wa Italia, Federico Caprilli, aliyezaliwa 1868, akakaa akawachunguza farasi wanavyoruka wenyewe bila mtu mgongoni, akaona wanatumia shingo na mgongo kwa namna ambayo mpandaji aliyeegemea nyuma anaizuia. Akafupisha rikabu, akamwacha farasi huru, akaenda naye. Alifariki 1907 na mpaka leo tunapanda kwa njia yake. Shida ni kwamba watu walisikia neno mbele wakajitupa mbele. Maana yake ni ubaki juu ya ile katikati ya uzito wa farasi, na yenyewe inahama anaponyanyuka, anapokuwa hewani na anapotua, ndo maana huwezi kuiwahi, unaweza kuifuata tu.

Dada, wiki tatu hizi usiruke kiunzi kimoja kimoja. Kiunzi kimoja ukikifuata kwa kanta kinakupa muda mwingi wa kuwaza, na ukiwaza unajirusha. Panga mstari. Weka fito tatu chini za kupita kwa troti, kati ya moja na nyingine iwe kama mita 1.3. Kutoka ufito wa mwisho, mita 2.6 hivi, weka kiunzi cha msalaba, fito mbili zilizopishana, katikati pawe chini kabisa. Kutoka hapo mita 5.5 weka kiunzi kidogo cha wima, sentimita 50 inatosha. Unaingia kwa troti, farasi anaruka msalaba, anatua, hatua moja ya kanta, anaruka cha pili. Hivyo vipimo ni vya farasi wa kimo cha kawaida, kwa poni unapunguza, na lazima awepo mtu chini wa kusogeza fito akiona farasi anajinyoosha sana au anabanana.

Msije mkachanganya na vipimo vya kuingia kwa kanta. Kule hatua moja ni kama mita 3.6, kwa hiyo viunzi viwili vyenye hatua moja katikati vinakaa kama mita 7.2, yaani 1.8 ya kutua, 3.6 ya hatua yenyewe, 1.8 ya kujiandaa kuruka. Ukiweka 7.2 alafu ukaingia kwa troti farasi atafika mbali mno na cha pili na hapo ndo mnaumizana.

Uzuri wa mstari huo ni kwamba fito zinamwamulia farasi pa kurukia, we huna cha kuamua. Kazi yako ni kukaa kwenye mkao mwepesi tangu ufito wa kwanza mpaka umetoka cha mwisho, macho kwenye kitu kilichoko mbele kule mwisho wa uwanja, na kusubiri. Ukisikia hamu ya kujirusha hesabu kwa sauti, moja, mbili, hata akina sisi tunahesabu.

Singa Mkononi:

Naongezea mikono maana naona wamegusa miguu zaidi. Mimi nilikuwa na tatizo hilo hilo la kumvuta mdomo, na farasi wangu wa wakati ule alifika mahali akiona kiunzi tu anarusha kichwa kabla hata sijafanya kitu. Alikuwa anajua maumivu yanakuja. Nililia siku nilipoelewa.

Farasi akikaribia anafupisha shingo na kuinua kichwa, akishanyanyuka anainyoosha mbele na chini ndo mgongo upinde, akitua kichwa kinapanda tena. Shingo ndo mizani yake. Ukimshikilia hapo katikati umemfunga na ndo anaanza kukanyaga fito. Sasa mtu ambaye mguu bado haujatulia mikono yake haiwezi kuwa huru, itatafuta pa kushika, na cha karibu ni hatamu. Mpe kitu kingine cha kushika. Chukua mkanda wa ngozi, wa rikabu ya zamani unafaa sana, ufunge shingoni mwa farasi, ukae sehemu ya chini ya shingo, hatua mbili kabla ya kiunzi ushike pamoja na hatamu, usiuachie mpaka umetua na kupiga hatua moja. Huna mkanda, shika singa, yaani nywele za shingoni mwake. Sio aibu, hata ukipanda miaka ishirini.

Ukizoea unahamia kwenye kuachia, unasogeza mikono juu ya ukingo wa shingo, kama kiganja kimoja na nusu kwenda mbele kuelekea masikio, unaikandamiza shingoni, vifundo vya vidole viguse kabisa. Usiinyanyue hewani. Hatamu ndefu uliyouliza hapana, hatamu ndefu kabla ya kiunzi inamwacha hana mwongozo alafu ukishtuka unaivuta kwa nguvu zaidi. Urefu ule ule wa kanta, mkono ndo uende.

Kanta_Moja:

Mama Viunzi nimekusoma, leo nimejirekodi pia. Kweli mguu wangu unarudi nyuma, si sana lakini unarudi, nilikuwa sijawahi kujiona. Ahsante.

Jike_Jekundu:

Wadau nimerudi, wiki tatu zimepita nilitaka nifanye kwanza ndo niandike.

Daktari alikuja, mgongo na miguu yake iko sawa ila jino moja la nyuma lilikuwa na ncha kali upande wa shavu, kalisawazisha, na kona ya mdomo upande wa kushoto ilikuwa na kidonda kidogo. Nikampumzisha siku kumi, katika hizo siku mi nikapanda farasi mwingine wa mwalimu nikifanya mkao mwepesi peke yake. Siku ya kwanza sikufika hata dakika moja kwa kanta. Sasa nafika nne.

Ule mstari wa fito tumeupanga, mwalimu aliupenda sana. Mara tano sita za kwanza nikawa bado najirusha kwenye msalaba, nikafunga ule mkanda shingoni, nikaanza kuhesabu kwa sauti. Mahali nilipoelewa ni kwenye cha pili. Kwa sababu kile cha pili kinakuja haraka sikupata muda wa kujiandaa, nikasikia tu tandiko linakuja juu kunifuata na nyonga ikakunjika yenyewe, nikatua na rikabu zote mbili bado ziko palepale kwenye unyayo. Mzee wa Rikabu nikakukumbuka hapo hapo.

Mwenzangu amerekodi tena kutoka sehemu ile ile. Nimesimamisha kwenye ile picha ya hewani. Mguu umerudi nyuma kidogo bado, ila mdomo wake umefungwa, masikio yako mbele. Hajagoma tena hata mara moja.

Swali lililobaki, nikitua naona naangukia bega la kulia, na yeye anatoka na kanta ya kulia (mguu wa mbele wa kulia ukitangulia) kila mara hata tukitakiwa kwenda kushoto. Ni mimi au ni yeye?

Mama Viunzi:

Safi sana dada, nimefurahi mno hasa hilo la siku kumi za kumpumzisha.

Karibu hakika ni wewe kwanza. Mwambie mwenzako safari hii asirekodi ubavuni, asimame mbele mwisho wa mstari akurekodi unavyomjia. Angalia kitufe cha katikati cha shati lako kama kiko juu ya katikati ya shingo ya farasi, alafu angalia rikabu ipi imebeba zaidi. Kabla ya hapo pima mikanda ya rikabu yote miwili ukiwa umeivua, ule wa upande unaopandia huwa unavutika na kurefuka, unashangaa mwaka mzima umepanda umepinda, kwa hiyo ibadilishane pande mara kwa mara.

Mikanda ikiwa sawa, kwenye ule mstari amua ukiwa hewani juu ya cha pili kwamba unatoka kushoto, geuza macho kushoto, mkono wa kushoto ufunguke kidogo, kanyaga rikabu ya kushoto. Usiiname upande. Anza na kiunzi hicho hicho cha 50, na akitua bado na ya kulia usimvute, mrudishe troti taratibu, anza upya.

Jike_Jekundu:

Nimeivua sasa hivi nikaipima. Wa kushoto umezidi sentimita mbili na nusu. Nimeshaibadilisha, kesho asubuhi naingia uwanjani.