Mrejesho: flashi za studio yangu Kampala

Wakuu habari, mimi ndio niliuliza kama ninunue flashi kubwa za kuchomeka ukutani au hizi ndogo za betri. Nimechukua flashi ndogo za betri, Godox TT600 mbili, na triga yake (kidude cha juu ya kamera kinachoziwasha bila waya), maana hapa umeme ukikatika kazi inaendelea, kila moja inakula betri nne za AA na mimi naweka za kuchaji.

Jumamosi nimepiga mama mmoja kavaa gomesi (lile gauni la Kiganda), taa moja kwa softboksi (boksi la kitambaa linalolainisha mwanga) karibu kabisa na uso, pawa ya flashi 1/8 ya nguvu yake yote, kamera nimeseti f/8, ISO 100, aisee yale mabega yaliyosimama yametoka na kila mkunjo! Ila flashi hii haina TTL (kujipimia mwanga yenyewe), pawa unaseti mwenyewe, na nilipopandisha kasi ya shata ya kamera hadi 1/320 ya sekunde picha ikatoka na mstari mweusi, maana shata ilikuwa na kasi kuliko flashi inavyoweza kuendana nayo, nikarudi 1/160 ukaisha. Asanteni sana mlionishauri.