Jibu: Hoteli Moshi na Arusha kwa wanaokuja Desemba

Kutoka: mwanakikundi, Leicester

Wapendwa, poleni na kazi. Krismasi hii tunakuja nyumbani, mimi, mume wangu na watoto wawili. Kwetu ni Machame, ila kaka zangu wote wanakuja na familia zao na nyumba haitatutosha. Tunafikiria kulala hoteli Moshi mjini, halafu siku za mwisho tuhamie Arusha. Nimepekua mtandaoni mpaka nimechoka: hoteli ile ile ina bei tatu, na nyingi wanaandika dola. Anayeyajua haya anisaidie. La pili, na ndilo linaloninyima usingizi: mama nimwambieje kwamba nimekuja nyumbani halafu nalala hoteli?

Kutoka: mwanakikundi, Moshi

Dada, karibu sana nyumbani. Kazi yangu ni mapokezi, nimekaa kaunta Arusha na sasa niko Moshi, kwa hiyo nakueleza mambo yalivyo kwa upande wetu.

Wahi. Desemba hoteli za hapa mjini hazijazwi na watalii peke yao. Wanaozijaza ni sisi wenyewe: harusi, kipaimara, ubatizo, vikao vya ukoo. Familia moja ikiwa na harusi Jumamosi inaweza kuchukua ghorofa nzima. Ukingoja Novemba iishe, utapewa vyumba vya upande wa jenereta. (Wanaopenda kuja mwishoni mwa Februari nao wajihadhari, Kilimanjaro Marathon inaujaza mji vilevile.)

Mtandaoni angalia picha na maoni ya waliolala, kisha ipigie hoteli yenyewe. Tovuti za kubukia hukata kamisheni, mara nyingi asilimia 15 au zaidi, kwa hiyo meneja ana nafasi ya kukupunguzia ukija moja kwa moja. Piga asubuhi baada ya saa nne, wageni wa jana wakishaondoka na sisi tumepumua. Ongea Kiswahili. Uliza hivi: "Bei ya mkazi ni ngapi, chumba dabo, pamoja na chai, na VAT ikiwa ndani?" VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, kwa kawaida ni asilimia 18, si pesa ya kushtukia siku ya kuondoka. Kama una pasipoti ya Tanzania, sema mapema. Kama ulishachukua uraia wa huko, uliza tu kwa heshima, maana hapo kila hoteli ina utaratibu wake.

Kuhusu dola: kuanzia Machi 2025 kuna kanuni zinazokataza bidhaa na huduma za hapa nchini kutangazwa au kulipwa kwa fedha za kigeni. Ukitajiwa dola kwenye simu, omba bei kwa shilingi na omba uandikiwe kwenye WhatsApp ya hoteli. Maandishi hayo yatunze. Anayekupokea usiku siye uliyeongea naye.

Sasa naomba unisikilize kwenye advansi. Pembeni ya kompyuta tuna daftari kubwa la vyumba. Simu ikiingia naandika kwa penseli: jina, namba, tarehe, saa ya kufika. Advansi ikiingia, jina linapitiwa kwa kalamu ya wino, na hapo halifutwi mpaka meneja aseme. Desemba, jina la penseli likifika saa kumi na mbili jioni bila taarifa yoyote, na kuna baba kasimama mbele yangu na watoto wamelala begani, chumba kinaondoka. Sitaki kiondoke chako. Lipa hata usiku mmoja tu.

Ila lipa kwa jina la hoteli. Ukilipa kwa simu, jina la mpokeaji linatokea kabla hujaweka namba ya siri. Likisoma jina la mtu binafsi, simama, piga tena mapokezi uulize. Kama unatuma kutoka Uingereza, heri umtumie mdogo wako akalipe kwa mkono na apewe risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Na huyo mdogo wako aende Jumamosi usiku, si Jumanne mchana, kwa sababu Jumanne mchana kila hoteli imetulia. Afungue dirisha asikilize kama kuna baa jirani. Afungue bomba la moto alisubiri mpaka liwe moto kweli. Swichi ya hita mara nyingi iko nje ya bafu, karibu na mlango, na wageni wengi wanatupigia saa tano usiku kwamba maji ni ya baridi kumbe haijawashwa. Aulize jenereta inawaka yenyewe au mpaka mlinzi aamshwe. Abonyeze godoro katikati.

Tarehe ya kufika ndiyo inayowaliza wengi. Kama ndege yako inatua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, saa saba usiku wa kuamkia tarehe 21, chumba unachokihitaji ni cha tarehe 20. Ukibuku tarehe 21, kwetu unasomeka mgeni wa saa nane mchana. Nimeshampokea mama na kitoto mgongoni usiku wa manane, chumba chake bado kina mtu amelala ndani. Tulimtandikia kwenye makochi ya ukumbini, na mimi iliniuma sana. Kuondoka ni saa nne asubuhi hoteli nyingi. Kama ndege ni ya jioni, omba kuchelewa kutoka tangu siku unapobuku, usingoje asubuhi hiyo.

Eneo: usifuate uzuri wa bustani tu, fuata barabara ya kwenu. Wewe ni wa Machame, njiapanda yenu iko kabla ya kuingia mjini ukitoka Arusha, kwa hiyo tafuta upande huo wa magharibi, au hata Bomang'ombe, usipoteze saa nzima kuvuka mji kila siku. Wa Kibosho na Uru wakae Shanty Town. Wa Marangu na Rombo waangalie Himo au Marangu Mtoni kwenyewe. Wanaokuja kuuguza mgonjwa hospitali ya KCMC nao Shanty Town na Rau ni karibu. Watu wengi wenye watoto wadogo hupenda hosteli za kanisa, pametulia na chakula ni cha kueleweka, ila nyingi hawauzi bia. Na Moshi mjini Desemba ni joto, kwa hiyo chandarua na feni uvione kwa macho.

Ndugu watakuja kukuona hotelini, watakuja wengi. Wakalishe bustanini, agiza chai, waambie mapokezi mapema. Vyumbani tunakataa watu wa ziada kwa sababu kila anayelala lazima aandikwe kitabuni na kitambulisho chake, mkaguzi akija ni sisi tunaoulizwa. Mtu akibaki kulala, lete kitambulisho tumwongezee kitanda kwa bei ndogo.

Kutoka: mwanakikundi, Arusha (dereva)

Naongezea upande wa huku. Mwambie dereva wa hoteli unatua uwanja gani. KIA uko kati ya Moshi na Arusha, ule wa Kisongo uko upande wa pili wa mji, njia ya Dodoma. Wanaounganisha ndege za ndani wanachanganya, gari linaenda huku na mgeni yuko kule. Bei ya gari ikubaliwe kabla, kwa gari zima, si kwa kichwa.

Arusha inajaa kwa mikutano. AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa, wakiwa na mkutano mkubwa, au Jumuiya ya Afrika Mashariki wakiwa na kikao cha wakuu wa nchi, vyumba vya katikati ya mji vinaisha na bei zinapanda. Waulize hoteli kama wiki hiyo kuna mkutano. AFCON ya 2027 tunaiandaa na Kenya na Uganda, na uwanja unajengwa hapa Arusha, kwa hiyo wenye mpango wa mwaka huo waanze kuongea na hoteli sasa. Kwa familia napenda Njiro, pametulia, ila kifodi (daladala) mpaka mjini kinachukua muda wake. Karibu na stendi lala kama una basi la alfajiri tu. Mkija Juni au Julai ombeni blanketi la pili, huku tuko mita 1,400.

Na ukiona meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" baada ya kuongea na hoteli, hao siyo hoteli.

Kutoka: mwanakikundi, Leicester

Asanteni mno. Mdogo wangu anakwenda Jumamosi. Kuhusu mama mbona mmenikimbia?

Kutoka: mwanakikundi, Dallas

Mwanangu, hatujakukimbia, hilo la mama niliacha wamalize ya vyumba. Mimi ni mama mwenye watoto ughaibuni na huko nyumbani nina mama yangu, naongea kwa pande zote.

Asisikie kwa dereva wala kwa jirani aliyekuona mjini. Mpigie shangazi yako kwanza, yeye ndiye akuingizie neno, kisha umpigie mama mwenyewe. Sababu isiwe choo wala baridi, hata kama ni kweli, maana hiyo ni kumdharau kwa nyumba aliyokulelea. Sababu ni kaka zako na watoto wao, nyumba imejaa baraka, yeye mwenyewe anajua idadi.

Siku ya kwanza usipitie hotelini kuoga ukapumzika ndipo uende. Toka KIA panda kwake moja kwa moja, na mizigo yote, ule alichopika, usalimie makaburi kihambani, kwenye shamba la ukoo. Lala hapo usiku huo hata kama ni chini kwenye godoro na watoto. Kesho yake ndiyo ushuke hotelini, kwa hiyo mwambie binti wa mapokezi akuandikie kuanzia siku ya pili. Na watoto wawe wanarudi kulala kwa bibi usiku mmoja mmoja, hata bila wewe.

Halafu mtajie tarehe sasa hivi, usingoje Desemba. Anataka kujua mbuzi achinjwe siku gani.