Walimu wa awali, siku gani somo la sayansi lilikugeuka? Tupeane uzoefu

Mama Chaki
Wakuu, habari za jioni. Leo nimerudi nyumbani nimelala na viatu. Mada ilikuwa vitu vinavyoelea na vinavyozama. Nina watoto 87 na beseni moja. Mawe, vizibo vya soda, msumari, kijiti, vyote vimeenda vizuri. Nikashika chungwa: litazama au litaelea? Darasa zima, "Litazamaaa!" Nikaliweka, likaelea, makofi. Basi katoto kamoja kakaja mbele, kakalichukua, kakalimenya kwa meno pale pale na kulirudisha majini. Likazama. Kakanigeukia: "Mwalimu, mbona limekonda halafu limezama?" Nikasema twendeni tukanywe uji. Nyie wenzangu yamewakuta yapi?

Kaka Dafutari
Uji umeokoa walimu wengi nchi hii.

Fundi Redio
Mimi si mwalimu, napita tu. Ganda la chungwa lina vitundu vya hewa, hasa ile nyama nyeupe ya ndani. Hewa ndiyo inalibeba. Ungemwambia chungwa limevua boya.

Mama Chaki
Mtoto wa Singida umwambie boya, halafu boya nalo nilielezee?

Mwl wa Kata
Watoto 87! Mwongozo unasema mwalimu mmoja kwa watoto 25. Huo uwiano mimi nauona kwenye karatasi tu, siku wathibiti ubora wakija.

Bint Makopo
Mada imenikumbusha haragwe. Kaeni vizuri.

Mwaka wangu wa kwanza kazini, mada ya kuota kwa mbegu. Kila mtoto alikuja na kopo lake, wengine chupa za maji zimekatwa nusu. Pamba nilinunua duka la dawa kwa hela yangu. Nikawaimbisha: mbegu inataka nini? Maji! Hewa! Joto! Nikagawa maharage mawili kwa kila mmoja, moja la kupanda na moja la akiba. Hilo la akiba ndilo lililoniponza.

Siku ya tatu watu wamebanana dirishani wanachungulia makopo, mengine yameshatoa kimzizi cheupe. Mmoja kakaa peke yake, anapumua kwa mdomo. Nikamuuliza, mwanangu, lako limeota? Akaonyesha pua. "La akiba nimelipanda humu. Kuna maji, kuna hewa, kuna joto."

Jamani, ningemkosoa wapi? Alilipanda jana yake, usiku kucha limekunywa makamasi, limevimba tundu lote. Mwenzangu akaja na kibanio cha nywele, kachokonoa, likazidi kuingia, damu hiyo. Nikampakata kwenye bodaboda hadi zahanati. Mama yake habari zimeshamfika, yuko mlangoni na kanga mkononi: "Mwalimu, nimekuletea mtoto asome au nimekuletea shamba?"

Nesi, mama wa makamo, hakushika chombo chochote. Akamwambia mama: ziba kwa kidole tundu la pua lililo wazi, weka mdomo wako kwenye mdomo wake kama unambusu, puliza mara moja kwa nguvu. Ya kwanza, wapi. Ya pili, puu! Haragwe likatua kwenye gauni langu na vyake vyote. Lilikuwa limepasuka ganda.

Mtoto hakulia. Aliliangalia, akaniuliza: "Limeota?"

Kaka Dafutari
Nimecheka mpaka mke wangu kaniuliza naongea na nani.

Swali Fupi
Sasa lilikuwa limeota au halijaota?

Mlipa Ada
Samahani walimu, lakini ndiyo maana wa kwangu nimempeleka ingilishi midiamu. Mtoto anakwenda shule asome na kuandika. Kuchezea maji na maharage hata nyumbani anachezea.

Mwl wa Kata
Kwani huko maharage hayaingii puani? Yanaingia kwa Kiingereza.

Mlipa Ada
Jibu kwa hoja mwalimu. Wa kwangu ana miaka mitano, anataja sehemu zote za ua.

Bint Makopo
Ua lenyewe amewahi kulipasua akaona mna nini?

Mlipa Ada
Tuna bustani ya kuangaliwa, si ya kupasuliwa.

Dada Zahanati
Mkiendelea kubishana, sikieni kidogo. Haragwe lisichokonolewe, hiyo ya kupuliza ndiyo tunayoanza nayo. Ila mtoto akiingiza ile betri ndogo ya duara, ya saa, usijaribu lolote nyumbani, kimbiza hospitali saa hiyo hiyo. Ile inaunguza nyama.

Mzee Mwembe
Mimi nilikuwa Rujewa, Mbarali, tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa kipete. Wageni walijaa mji, miwani maalumu haikutosha, na mimi nina watoto wa miaka mitano. Nani atawazuia wasitazame juu? Nikawaingiza wote chini ya mwembe, nikasema leo tunatazama chini. Karibu na saa sita mchana, ule mwanga unaopenya katikati ya majani ukageuka, kila kidoa mchangani kikawa pete. Mamia. Wakaanza kukimbizana wazikanyage. Mmoja alizoa mchanga wenye pete akautia mfukoni ampelekee bibi yake.

Swali Fupi
Nzuri sana mzee, shikamoo. Ila bado tunasubiri haragwe.

Mzee Mwembe
Marahaba.

Pwani Tulivu
Kwetu Unguja, skuli ya maandalizi, tuliwapeleka ufukweni maji yamekupwa. Mmoja kauliza, "Bahari imekwenda wapi?" Kabla sijafungua mdomo mwenzake kamjibu, "Imekwenda Bara, jioni itarudi na boti." Nikamwacha.

Mwl wa Kata
Ushauri wangu kwa Mama Chaki: makundi ya watoto kumi kumi, wapeleke nje kwa zamu.

Kaka Dafutari
Usithubutu. Ukiwatoa nje kumi wanarudi sita. Mmoja afanye mbele, hao 86 wabashiri kwa kunyoosha mikono.

Fundi Redio
Na mbegu tumieni kokwa la embe. Atakayelipanda puani tumpe cheti.

Bint Makopo
Haya, Swali Fupi, nakujibu. Lilikuwa limechungulia kimzizi kidogo kama ncha ya sindano. Akasisitiza tulirudishe kwenye kopo, tukalirudisha. Lilioza siku ya tano. Kila asubuhi alilinusa kwanza, ndipo akae.

Mama Chaki
Kesho nina sumaku, nimeitoa kwenye spika mbovu. Nilikuwa nimenunua misumari midogo robo kilo. Nimeiacha nyumbani, nabeba makufuli.