Mbwa wangu anafungwa kizazi Jumamosi, naogopa nusu kaputi

MamaKito, Ipagala:
Wakuu, habari za jioni. Nina mbwa jike wa kienyeji, Kito, miaka mitano. Kazaa vya kutosha, sasa nataka afungwe kizazi. Daktari atakuja kumfanyia hapa hapa barazani. Kisu hakinitishi, natishwa na nusu kaputi. Mbwa wa jirani alichomwa sindano, akalala moja kwa moja. Kito ndiye mlinzi wa wanangu usiku. Nimuulize nini daktari kabla sijamkabidhi?

Mifugo_Nkuhungu:
Dada, hofu yako ina msingi. Muulize kama atampima uzito au atakadiria kwa macho, maana dozi inakwenda kwa kilo. Kama hana mizani, panda ya nyumbani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, utoe.

Halafu kupe. Hili nalisisitiza kwa mbwa yeyote wa huku kwetu. Homa ya kupe hupunguza chembe za kugandisha damu. Mbwa anakula, anabweka, kumbe akipasuliwa damu haikatiki. Apimwe damu kabla, hata kama itabidi Jumamosi isogezwe.

Pia awepo mtu wa pili. Anayekata hawezi wakati huo huo kuangalia pumzi, mapigo na fizi. Fizi ziwe na rangi ya waridi. Zikiwa nyeupe au za bluu, kazi isimame. Ukiona macho yake yamebaki wazi usishtuke, ketamini, dawa ya nusu kaputi, ndivyo ilivyo, ila yapakwe dawa yasikauke.

MamaKito:
Asante sana daktari. Chakula je? Na maji?

Mifugo_Nkuhungu:
Ale jioni ya Ijumaa, usiku asipewe kitu. Maji mwachie mpaka asubuhi. Zailazini, dawa ya kumtuliza kabla ya nusu kaputi, hutapisha, na matapishi yakiingia kwenye mapafu ni balaa.

Babu_wa_Kikuyu:
Mama, usisahau baridi. Mwezi huu upepo wa Dodoma ni mkali, na aliyelala kwa dawa mwili wake haujipashi joto. Asilazwe kwenye sakafu ya saruji. Mwekee blanketi, na chupa ya maji ya moto uizungushie kitambaa, maana hawezi kujisogeza ikimuunguza. Kaa naye mpaka asimame mwenyewe.

Mifugo_Nkuhungu:
Babu kasema kweli. Dawa ya maumivu aiache daktari mwenyewe. Ibuprofeni yenu ya nyumbani usimpe, inatoboa tumbo na kuharibu figo.

MamaKito:
Nimempigia daktari wa Kito sasa hivi. Mizani anayo, msaidizi atakuja naye. Damu tunapima kesho asubuhi.